Siku Yao Ilifika, na Bado Tuna Haki ya Kuuliza



Leo sina shela wala rangi za msimu. Wanaosubiri makala ya kukata abaya la kipepeo wanisamehe, itakuja In shaa Allah. Leo nataka kusema juu ya ndege iliyoanguka kwenye milima ya Pakistan mwaka 2016, na juu ya maneno matatu ambayo sisi wanawake hatukosi kuyasema tukikaa kwenye mikeka ya msiba: siku yake ilifika.

Wengi wenu mnamjua Junaid Jamshed hata kama jina halikujieni haraka. Ni yule mwenye ndevu na sauti laini, ambaye kaswida zake za kumsifu Mtume (SAW) zimo kwenye simu za akina mama wengi. Zamani alikuwa mwimbaji wa muziki wa vijana. Alisomea uhandisi wa mitambo Lahore, na wimbo wa bendi yao wa mwaka 1987, wa kuisifu nchi yao, mpaka leo Wapakistani wanauimba kama wimbo wa pili wa taifa. Baadaye akauacha muziki, akashika tablighi, na mwaka 2002 akaanzisha na mwenzake biashara ya nguo yenye jina la herufi moja tu, J. Mimi nilimjua kwa upande wa nguo kabla ya kaswida. Panjabi zao ukizigeuza ndani unakuta mshono umemalizwa vizuri, na fundi akigeuza nguo ya mwenzake ndani ujue anatafuta kosa. Si kila alilolisema kuhusu sisi wanawake nililipenda, na waliomsikia wanajua nazungumzia nini. Lakini ameshatangulia, Allah amrehemu.

Jumatano ya tarehe 7 Disemba 2016 alikuwa anarudi kutoka Chitral, alikokwenda na mke wake katika safari ya daawa. Chitral ni bonde la kaskazini kabisa ya Pakistan, limezungukwa na milima ya Hindu Kush. Mrefu kuliko yote katika safu hiyo, Tirich Mir, una mita 7,708. Chukua Kilimanjaro nzima, uongeze juu yake mita 1,800 nyingine, ndiyo upate picha. Barabara ya kutoka huko ilikuwa inapita juu ya mlima, mahali panapoitwa Lowari, zaidi ya mita 3,000, na theluji ikianguka inafungwa. Handaki la kupita chini ya mlima huo lilianza kuchimbwa miaka ya 1970 na likafunguliwa rasmi Julai 2017, miezi saba baada ya ajali ninayoisema. Kwa hiyo kwa mtu wa Chitral wakati wa baridi, ndege haikuwa anasa. Mgonjwa, mwanafunzi, mfanyabiashara, mama mwenye mtoto mchanga, wote walikuwa wanaingoja ndege hiyohiyo. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa maisha hayo, tofauti ni kwamba yeye kazungukwa na maji badala ya milima.

Ndege yenyewe ilikuwa ATR 42 ya shirika la taifa, PIA, ndege ndogo ya pangaboi yenye injini mbili, ndugu ya hizi ATR tunazoziona zikitua hapa kwetu. Ilibeba abiria 42: wanaume 31, wanawake 9 na watoto wachanga 2. Pamoja na wafanyakazi 5, jumla yao 47. Iliondoka alasiri kwenda Islamabad, safari ya kama saa moja. Njiani injini ya kushoto ikaharibika, rubani akatoa taarifa ya hatari, na kabla hawajafika ikaanguka kwenye mlima karibu na mji mdogo wa Havelian. Hakupona hata mmoja. Moto ulikuwa mkali kiasi kwamba wengi walitambuliwa kwa vipimo vya DNA. Junaid alizikwa Karachi tarehe 15, siku ya nane. Sisi tuliozoea maiti ya asubuhi kuzikwa adhuhuri, hebu fikirini siku nane kwa mama anayengoja mtoto wake.

Siku ile ile mkuu wa shirika aliwaambia waandishi kwamba ndege ilikuwa nzima na imekaguliwa. Siku chache baadaye akajiuzulu. Misikitini na kwenye televisheni watu wakaomboleza, na maneno yakawa yaleyale ya huku kwetu: ajali haina kinga, siku yao ilifika.

Halafu wachunguzi wakafanya kazi yao karibu miaka minne. Ripoti ya mwisho ilitoka 2020, na ndiyo iliyonifanya niandike. Nitaieleza kama ninavyoielewa mimi niliyeishia sekondari nikaenda kujifunza cherehani, waliosoma zaidi mtanivumilia.

Ndani ya injini ile kuna gurudumu lenye vipanga vidogo vingi, vinazungushwa na hewa ya moto. Mtengenezaji wa injini alikuwa ameshatoa maelekezo: vipanga vya aina ile vikifikisha saa 10,000 za kuruka, injini ikifunguliwa tena, vitolewe na vitiwe vya muundo mpya. Novemba 2016 injini ya kushoto ilifunguliwa kwa matengenezo mengine. Vipanga vilikuwa vimeshatimiza saa zao. Havikubadilishwa. Injini ikafungwa, ndege ikarudishwa kazini, ikaruka takriban saa 93 nyingine. Kisha kipanga kimoja kikavunjika kwa uchovu wa chuma.

Hilo peke yake lisingewaua. Ndege ya injini mbili imetengenezwa iweze kuruka na moja. Lakini ndani ya kifaa kinachozuia pangaboi lisizunguke kupita kiasi kulikuwa na pini iliyovunjika, na wachunguzi waliona kuwa kifaa kile yaelekea kilifunguliwa huko nyuma na kurudishwa vibaya, tena mahali pasipo na kibali wala kumbukumbu. Kwenye kifaa cha tatu wakaona dalili za uchafu. Mambo matatu yakakutana. Pangaboi la kushoto, ambalo injini ikizimika linatakiwa ligeuze mabapa yake yakate upepo kwa ukingo, likawa breki kubwa la upande mmoja. Marubani walipambana nayo, ndege ikaonekana kama inatulia, lakini haikuwa na nguvu tena ya kubaki juu, na chini yao kulikuwa na milima.

Sindano ya cherehani haikwambii kwamba imechoka. Inaendelea kushona. Unamaliza gauni la kwanza, la pili, hata la tano, mpaka unafika kwenye shifoni ya biharusi usiku wa kuamkia harusi, ndipo inaruka mshono au inakatika na kuchana kitambaa. Mwalimu wetu wa ushonaji alikuwa mkali kwa hili kuliko kwa vipimo: sindano inatolewa wakati bado inashona. Wanafunzi tulimuona bakhili wa maneno na mfujaji wa sindano. Ukishakuwa na wateja ndipo unamuelewa, maana hakuna biharusi atakayekubali umwambie shela lilichanika kwa sababu siku yake ilifika.

Hapo ndipo neno linapotuchanganya. Sisi kwa Kiswahili tunasema ajali tukikusudia gari kupinduka, meli kuzama, ndege kuanguka. Asili yake ni ajal ya Kiarabu, ule muda ambao Allah amemuandikia mja, hauongezwi wala haupunguzwi. Mwarabu akitaka kusema gari limegongana ana neno jingine kabisa. Sisi tumevitia vitu viwili katika mfuko mmoja. Tukisema "ilikuwa ajali", tumeshasema kwa pumzi moja kwamba chombo kimeharibika na kwamba hakuna wa kuulizwa.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuamini qadar, ya kheri na ya shari, ni nguzo ya imani na mimi sina shaka nayo. Wale 47 ajali zao zilitimia juu ya Havelian, na lau wangebaki nyumbani Allah anajua zingetimia wapi. Maneno haya ni dawa. Mfiwa akiyasema ni ibada, yanamshusha moyo, yanamzuia asijilaumu kwa nini alimkatia mumewe tiketi ya siku ile. Ila dawa ya mfiwa inaibiwa. Anaichukua fundi ambaye hakubadilisha vipanga, anaichukua aliyesaini karatasi bila kutazama, anaichukua mwenye chombo. Wao wakisema siku yao ilifika, wanajificha nyuma ya maiti.

Someni aya ya 92 ya Suratun-Nisaa. Inamzungumzia muumini aliyemuua muumini mwenzake kwa kukosea, si kwa kusudi. Marehemu yule naye ajali yake ilifika, kwani hafi mtu bila ya idhini ya Allah. Hata hivyo Qur'an haikumwambia aliyekosea aende zake kwa kuwa ni qadar. Imemuwekea kafara, na imemuwekea diya ya kuwapa watu wa marehemu, isipokuwa wao wakisamehe. Tazameni msamaha umewekwa mikononi mwa nani. Umewekwa kwa waliofiwa. Aliyekosea hakupewa ruhusa ya kujisamehe mwenyewe, wala jirani hakupewa ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mjane. Na msamaha huja baada ya kujulikana nini kimetokea, kwani utasameheje usichoambiwa?

Iko pia hadithi katika Abu Daud, kwamba mtu anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini wa atakachokiharibu. Masheikh watanisahihisha nikikosea, lakini mimi nikiisoma namuona yule aliyefungua kifaa cha ndege mahali pasipoandikwa na kukirudisha kwa kubahatisha. Ile hadithi ya bedui na ngamia tunaijua sote, na tunaipenda sana tukimwambia mtoto asome kabla ya mtihani. Hatuipeleki bandarini wala uwanja wa ndege, kule ngamia tunamuacha akirandaranda.

Baada ya ajali ile PIA walizisimamisha ATR zao ili zikaguliwe. Tarehe 18 Disemba, moja ilipokuwa inajiandaa kuruka tena kutoka Islamabad, wafanyakazi walimchinja mbuzi mweusi pale pale uwanjani, pembeni ya ndege. Picha ilizunguka dunia nzima na watu wakacheka sana. Shirika likasema si agizo lake, ni wafanyakazi wenyewe. Mimi sikucheka. Sadaka inaondosha balaa, tumefundishwa hivyo na tunaamini, na nani kati yetu hajawahi kutoa sadaka kabla ya safari? Rangi ya mbuzi ndiyo siijui imetoka kitabu gani. Lakini ninachojiuliza ni hiki: katika wale waliomshika mbuzi miguu, yumo aliyefungua daftari la matengenezo akahesabu saa za vipanga vya injini? Ripoti ya 2020 inaonyesha kwamba jambo la kutafuta lilikuwamo ndani ya injini na ndani ya karatasi. Mbuzi wa watu hakuwa na habari nalo.

Msiseme hayo ni ya Pakistan. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, imejaa kupita uwezo wake. Kuna abiria walioitazama pale bandarini jinsi ilivyojaa wakakataa kupanda. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Hakuna mtu wa kisiwa hiki ambaye hakuguswa. Wale waliokataa kupanda, je, walipungukiwa na tawakkul? Sayyidna Umar (RA) alipogeuza msafara wake usiingie Sham yenye tauni, na akaulizwa kama anakimbia qadar ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba wanatoka katika qadar ya Allah kwenda katika qadar ya Allah. Kushuka kwenye meli iliyojaa ni qadar pia.

Anayeumia zaidi na huku kunyamazishana ni mwanamke. Mwanamme akiuliza baada ya msiba, anaambiwa anafuatilia. Mwanamke akiuliza, hana subira. Namjua mama mmoja, mteja wangu wa miaka, aliyeondokewa na mume safarini akabaki na watoto wanne. Kila alipotaka kujua chombo kilikuwa na hali gani na watoto wana haki gani, alikuta jibu moja kwa mashemeji na kwa majirani: mwachie Mungu, usimsumbue marehemu. Mpaka karatasi za kufuatilia zikaisha muda. Waliomjibu hivyo hawakuwa watu wabaya, ndio wale wale waliompikia siku zote za msiba. Lakini ada ya skuli hailipwi kwa pilau ya hitma.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Inamzuia mapambo, inamzuia kuolewa, inamuweka nyumbani ila kwa haja. Haikusema ulimi nao ukae eda. Anaweza kumwakilisha kaka yake, mwanawe mkubwa au wakili, waombe nakala ya ripoti, waulize bima ya abiria, waandikishe jina lake na la watoto kwa wanaohusika. Kila tiketi aliyokuwa nayo marehemu, kila risiti, iwekwe pamoja na cheti cha kifo na cha ndoa. Dada zangu, vyeti vya ndoa! Nashona nguo za harusi mwaka wa ngapi huu, na kila msimu nakutana na biharusi anayejua bei ya kila shanga kwenye gauni lake lakini cheti hajui kipo kwa nani. Mtu anayefariki ghafla hakupi nafasi ya kuuliza kiliwekwa wapi.

Na sisi wenyewe tuna yetu. Kwenye vile videge vya abiria kumi na kitu vya kwenda Pemba tunaulizwa uzito na mizigo inapimwa. Si udadisi. Ndege ndogo inapakiwa kwa hesabu, nani akae wapi na mzigo uwekwe wapi. Nimeshawaona wanawake wazima wakipunguza kilo kumi kwa haya, na begi la mkononi limejaa seti ya vikombe vya zawadi ya biharusi imefungwa ndani ya khanga ionekane nyepesi. Tunacheka, kijana wa kaunta anaona tabu kumbishia mama wa watu. Uzito wako ni siri yako mbele ya mashoga, mbele ya rubani ni amana.

Msimu huu nina kikundi kinachovuka kupeleka biharusi Pemba, nusu kwa ndege na nusu kwa boti, na kama kawaida wamegawana kazi: nani wa udi, nani wa maua, nani wa kushika begi la mahari. Nimewaambia waongeze moja, awepo wa kuuliza. Wamemchagua shangazi yao mmoja ambaye hata mabwana harusi wanamuogopa. Kazi yake ni kujua chombo kimeruhusiwa watu wangapi na kuhesabu wanaopanda, kuonyeshwa maboya yalipo, na kwa wanaokwenda na ndege kuhakikisha kila mtu kapimwa na mzigo wake. Hali ya hewa ikibadilika na rubani akasema harusi ingoje, yeye ndiye atakayewanyamazisha wanaolalamika. Na kama atatokea wa kumjibu kwamba Mungu yupo, amwambie hilo analijua tangu chuoni, yeye ameuliza maboya.